Kusoma jiografia ya mkoa kwa mstari mmoja: Kilimanjaro, kuanzia msituni hadi bwawani

"Mwalimu, nimepewa kazi ya kuandika jiografia ya mkoa wetu. Nianzie wapi?"

Swali hili huniletea wanafunzi wa sekondari, walimu wapya waliopangiwa kituo wasichokijua, na hivi karibuni bwana shamba mmoja aliyetoka mkoa wa mbali. Nimelijibu mara nyingi mno kwa mdomo, basi leo naliandika.

Kazi nyingi ninazopewa nisahihishe zinaanza hivi: mkoa una wilaya kadhaa, milima kadhaa, mito kadhaa, makabila kadhaa. Ni orodha nne zilizokaa kwenye ukurasa mmoja kama abiria wa basi wasiofahamiana. Mwanafunzi anaweza kuzikariri zote, na ukimwuliza kwa nini Marangu kuna migomba na Same kuna mkonge, anatazama dari.

Dawa yake ni kuchora mstari mmoja unaoukata mkoa kutoka juu hadi chini, kuufuata kwa miguu na kwa daladala, kisha kukiweka juu yake kila unachokijua. Nitatumia Mkoa wa Kilimanjaro kwa sababu ndio ninaoujua, na kwa sababu mteremko wake ni mkali: kwa safari ya siku moja unapita kwenye baridi ya sweta hadi jua la kutafuta kivuli. Njia hii inafaa mkoa wowote wenye mwinuko.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ramani ya topografia, yaani ile yenye mistari ya kontua, inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Karatasi za kipimo cha 1:50,000 zinapatikana kwa watu wa upimaji na ramani wa Wizara ya Ardhi. Ukizikosa, ramani za bure za kwenye simu zinazoonyesha mwinuko zitakutoa.
- Karatasi ya grafu, penseli yenye ncha, kifutio, rula.
- Daftari gumu. Simu huisha chaji, tena skrini haisomeki kwenye jua la Himo.
- Takwimu za Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 na ya 2012. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inazitoa bure.
- Barua ya utambulisho kutoka shuleni au kazini kwako.
- Maji ya kunywa, kofia, nauli ya kwenda na kurudi, na sweta ambalo utalichukia ifikapo saa sita mchana.

Hatua ya 1: Chora mpaka, kisha andika vitu visivyo vyako

Chora umbo la mkoa kwa mkono, bila kunakili kwa karatasi ya kupitishia mwanga. Kaskazini na mashariki andika Kenya, kusini Tanga, kusini magharibi Manyara, magharibi Arusha. Ndani yake weka wilaya sita: Siha, Hai, Moshi, Rombo, Mwanga na Same. Halmashauri ni saba, kwa kuwa Moshi ina ya wilaya na ya manispaa.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Nje ya mpaka andika vitu ambavyo watu huviingiza kimakosa. Mlima Meru uko Arusha. Machimbo ya tanzanaiti ya Mererani yako Simanjiro, mkoani Manyara, ingawa yako karibu na barabara ya Moshi na Arusha. Amboseli iko Kenya. Uwanja wa ndege wa KIA, ambao watu wa Arusha huuita wao, uko Wilaya ya Hai, kwa hiyo huo urudishe ndani.

Dakika kumi hapa zinakuokoa na aibu baadaye.

Hatua ya 2: Weka maji kabla ya barabara

Chukua penseli ya bluu. Upande wa magharibi wa Moshi chora Kikafu, Weruweru na Karanga zikishuka kuingia Kikuletwa. Upande wa mashariki chora Rau na Himo zikielekea Ruvu, na Ruvu yenyewe uianzishe Ziwa Jipe, mpakani na Kenya. (Hii si Ruvu ya Pwani. Kila mwaka kuna anayezichanganya.) Kikuletwa na Ruvu zinakutana kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, na ukishavuka ukuta wa bwawa, mto unaitwa Pangani, unaambaa chini ya milima ya Pare hadi Bahari ya Hindi, mkoani Tanga.

Andika pembeni yale maji yanafanya kazi gani njiani: yanamwagilia migomba, yanamwagilia miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC na mpunga wa Chekereni, yanafuga perege bwawani, yanazungusha mitambo ya umeme pale Nyumba ya Mungu, kisha tena Hale na Maporomoko ya Pangani kule Tanga. Mtu anayewasha taa Korogwe ana deni kwa msitu wa Kilema, hata kama hajawahi kuuona.

Tahadhari: usidhani maji yote yanapita juu ya ardhi. Mawe ya volkano yanavujisha. Mvua nyingi ya mlimani inazama na kutokea chini kabisa kama chemchemi. Nenda Chemka, kule Rundugai wilayani Hai, uone maji ya kijani-bluu yakitoka kwenye nchi kavu ya vumbi. Watu wanapaita maji moto. Ingia uone kama utapata moto wowote.

Hatua ya 3: Chora mkato

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

Mkato ni picha ya ardhi kama vile umeipasua kwa kisu na kuitazama ubavuni. Mstari ninaoupendekeza unaanzia Lango la Marangu, la kuingilia Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, unapita Marangu Mtoni na Himo, unashuka tambarare pembeni mwa Kahe, unaishia kwenye ukuta wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Ni kama kilomita 60 ukinyoosha rula.

a) Weka ukingo wa karatasi nyembamba juu ya mstari huo kwenye ramani. Kila kontua inapougusa ukingo, tia alama na andika mwinuko wake. Kontua zikibanana mno, chukua zile nzito tu.

b) Chagua kipimo cha ulalo. Kwa 1:50,000, kilomita moja ni sentimita 2, hivyo kilomita 60 zitataka karatasi ya sentimita 120. Utaitandika sakafuni? Tumia 1:250,000, yaani sentimita 1 kwa kilomita 2.5. Kilomita 60 zinakuwa sentimita 24, na daftari linatosha.

c) Chagua kipimo cha wima. Lango la Marangu liko karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, bwawa karibu mita 690. Tofauti ni mita 1,180. Ukitumia kipimo kilekile cha ulalo, mteremko wote utakuwa na kimo kisichofika nusu sentimita, na mlima wako utafanana na chapati. Tumia sentimita 1 kwa mita 200, upate karibu sentimita 6.

d) Hamisha alama kwenye grafu, unganisha kwa mkono mwepesi, bila rula.

e) Andika chini yake ni mara ngapi umekuza wima. Usijisumbue, gawa tu 250,000 kwa 20,000 (maana sentimita 1 kwa mita 200 ni 1:20,000) upate mara 12.5.

Kosa linaloua alama nyingi ni kusahau hiyo (e). Mwanafunzi anachora mteremko kama ukuta wa nyumba, halafu anaandika kwamba watu wa Marangu wanaishi kwenye genge.

Hatua ya 4: Weka mvua na joto juu ya mkato

Joto ni rahisi. Kila unapopanda mita 1,000, linashuka kwa takriban nyuzi 6. Kutoka bwawani hadi langoni, tofauti ni kama nyuzi 7. Andika hivyo na usonge mbele.

Mvua ina ukorofi. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba mlima hauigawi sawa. Pepo za unyevu zinatoka baharini, zinaupiga mlima upande wa kusini na kusini mashariki, zinapandishwa, zinapoa, zinamwaga. Msitu wa kusini, kwenye kama mita 2,200, unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukipanda zaidi mvua inapungua tena. Kileleni Kibo, mita 5,895, ni jangwa la baridi. Na ukizunguka kisogoni, kule Siha ya juu na Magharibi ya Kilimanjaro, unakuta nyasi na ng'ombe badala ya migomba.

Kwa hiyo usiandike kamwe "mlimani kuna mvua nyingi". Andika upande gani na mwinuko gani. Same iko mguuni mwa milima ya Pare na bado ni kavu, kwa sababu milima hiyo imeikinga na pepo.

Hatua ya 5: Shuka mstari kwa miguu

Anza juu, teremka. Mara ya kwanza mimi nilifanya kinyume: nilianza chini alfajiri nikidhani napanda polepole, nikafika Himo jua la utosi, nikakaa kwenye kibanda cha chai na daftari jeupe hadi jioni. Anza langoni saa moja asubuhi.

Usipite lango. Juu ya hapo ni Hifadhi ya Taifa, kuna viingilio na taratibu zake, na kwa kazi hii huhitaji kuingia.

Kila baada ya mwinuko wa mita 150 hivi simama, tazama mwinuko kwenye simu, andika vitu vitano tu: mmea unaoonekana kwa wingi, mnyama aliyefungwa au anayechunga, nyumba zilivyokaa, rangi ya udongo, na maji yako wapi. Tano. Ukiandika ishirini utachoka kituo cha tatu.

Nikupe mfano wa vituo vyangu.

Mita 1,500 hivi: Migomba imefunika kila kitu. Chini yake kahawa, juu yake miti ya migrivea, na mpakani pamepandwa masale badala ya uzio. Hiki ni kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, na hakina nafasi iliyo wazi hata ya kugeuzia baiskeli. Ng'ombe wawili ndani ya zizi, hawachungi. Nilisimama pale nikaona akina mama watatu wakipanda kutoka chini na mizigo ya majani kichwani, majani mabichi yanayoning'inia hadi kuficha nyuso zao. Hiyo picha moja ina jiografia nzima: juu hakuna malisho kwa kuwa kila hatua imelimwa, chini kuna nyasi, na ng'ombe yuko juu kwa kuwa samadi inatakiwa kwenye mgomba. Nyasi inapandishwa kwa shingo ya mtu.

Mita 900 hivi, Himo: Migomba imekwisha kama iliyokatwa. Mahindi, alizeti, vumbi, malori ya nafaka, barabara kuu inayoelekea Holili na Taveta upande mmoja, Mwanga na Same upande mwingine. Wengi wanaolima hapa wana kihamba juu. Hili ni shamba lao la pili la msimu. Sweta linavuliwa.

Mita 700 na kitu: Tambarare. Maji yakiwapo, mpunga. Yasipokuwapo, migunga, mbuzi na nyumba zilizoachana mbali. Hatua kumi kutoka kwenye jaruba la kijani unakanyaga ardhi iliyopasuka. Bwawani mitumbwi, nyavu zikianikwa, perege.

Tahadhari mbili. Usihesabu watu wala magari siku ya gulio. Niliwahi kuandika kwamba njia moja ya kijijini ina msongamano mkubwa kuliko Moshi mjini, kumbe ilikuwa siku ya soko. Na mwinuko wa simu uulinganishe kwanza na sehemu unayoijua, kwa mfano bango la langoni, kwa sababu simu nyingine hudanganya kwa makumi ya mita.

Hatua ya 6: Weka watu

Fungua takwimu. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 walikuwa 1,861,934. Ongezeko ni kama asilimia 13.5 kwa miaka kumi. Nchi nzima kwa miaka hiyohiyo ilitoka 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani kama asilimia 37. Acha kalamu chini ujiulize: kwa nini mkoa wenye mvua, shule na barabara unakua polepole hivi? Jibu utalipata hatua ya 7.

Msongamano: eneo ni kama kilomita za mraba 13,250, hivyo ni watu 140 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Namba hiyo ni sahihi na haina faida kubwa. Ndani yake kuna barafu, msitu, Hifadhi ya Mkomazi, na tambarare kavu, ambako karibu hakuna anayeishi. Watu wamejazana kwenye ukanda wa vihamba. Tumia takwimu za kata, si za mkoa, kisha paka rangi kwenye mkato wako: nyeusi zaidi penye watu zaidi.

Mtego mkubwa: mipaka hubadilika. Sensa ya 2002 iliipa Hai watu wapatao 260,000, ile ya 2012 watu wapatao 210,000. Nimesoma insha yenye aya nzima ya ukame na njaa iliyowafukuza watu wa Hai. Kilichotokea ni kwamba Siha ilimegwa kutoka Hai ikawa wilaya. Ukiona namba imeshuka ghafla, tafuta mpaka kwanza.

Hatua ya 7: Uliza, kwa adabu

Pitia kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji na ile barua yako. Kisha kwa wazee. Shikamoo kwanza, keti ukikaribishwa, kubali chai. Usianze kwa kuuliza ukubwa wa shamba la mtu. Hapa hilo ni sawa na kumwuliza ana shilingi ngapi mfukoni.

Uliza kuhusu maji. Ukiuliza kuhusu mfongo, ule mfereji wa asili unaochepusha maji kutoka mtoni hadi vihambani, utapata historia, sheria, ugomvi na undugu kwa pamoja. Nilimwuliza bibi mmoja, "Bibi, mfongo huu ni wa nani?" Akacheka. "Mwanangu, mfongo hauulizwi wa nani. Unaulizwa leo zamu ya nani." Upare uliza kuhusu ndiva, bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku ili yagawiwe mchana.

Halafu uliza: watoto wako wangapi, na wako wapi? Utasikia Dar es Salaam, Arusha, Mwanza. Kihamba kikigawanywa kwa wana vizazi vitatu hakigawanyiki tena. Kwa desturi kitindamimba anabaki na nyumba ya wazazi, wengine wanatafuta duka au elimu. Ndilo jibu la ile asilimia 13.5, na ndiyo maana Desemba mabasi ya kwenda Moshi hayapatikani kwa nauli ya kawaida.

Hatua ya 8: Andika sentensi zenye "kwa sababu"

Sasa tu ndipo uandike. Sharti moja: kila jambo la watu liwe na jambo la ardhi nyuma yake, au historia. Kahawa ilistawi kwenye ukanda wa vihamba kwa sababu ya udongo wa volkano, kivuli cha migomba na ubaridi. Ikauzika kwa sababu reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Wakulima wakapata sauti kwa sababu waliungana, hadi chama chao cha ushirika, KNCU, kikaundwa mwaka 1933. Mji wa Moshi uko pale ulipo, kwenye kama mita 800, kwa sababu hapo ndipo mlima unakutana na tambarare na reli haikuhitaji kupanda.

Ukishindwa kuweka "kwa sababu", usilifute jambo hilo. Liwekee alama ya kuuliza, urudi kijijini.

Ukikwama

*Sina ramani yenye kontua.* Tembea mstari na simu, andika mwinuko kila kilomita moja, chora mkato kutokana na hizo namba. Utakuwa na mabonde machache kuliko halisi, lakini utafaa.

*Mkato wangu unapanda na kushuka kama msumeno.* Mstari wako umeukata mlima kwa ubavu, unavuka makorongo. Ugeuze ufuate mgongo wa mteremko, sambamba na mito.

*Mkoa wangu ni tambarare.* Basi tumia umbali na maji badala ya mwinuko: anzia mtoni au ziwani, nenda nchi kavu.

*Niliyoyaona hayafanani na kitabu.* Angalia mwaka wa kitabu. Vitabu vingi bado vinaijaza Moshi kahawa, wakati wakulima wengi wameing'oa wakaweka nyanya, mboga na ndizi baada ya bei kuwavunja moyo. Barafu ya Kibo nayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Andika ulichoona, pamoja na tarehe.

*Mwalimu anasema mstari mmoja hautoshi kwa mkoa mzima.* Ana haki. Ongeza wa pili Upare: kutoka tambarare ya Same hadi juu kwenye tangawizi na msitu wa Chome, ambako kilele cha Shengena kina mita 2,463, kisha ushuke upande wa pili hadi mpunga wa Ndungu. Na wa tatu, ukiwa na nguvu, Rombo, kutoka Mkuu hadi Ziwa Chala. Huko mabonde mengi ni makavu mvua ikikatika, kwa hiyo beba maji mara mbili ya uliyobeba Marangu.